Tujue Waya Kabla ya Kuwasha Taa za Mkanda



Ukipita Kariakoo, Dar es Salaam, saa za jioni, utaona maduka yanang'aa. Juu ya rafu za viatu, pembeni mwa vioo na kwenye mabango, kuna mistari ya mwanga. Hizo ni taa za mkanda. Wauzaji wengi huziita stripu. Taa hizi sasa zimefika vijijini. Watu wanazifunga sebuleni, dukani, kwenye banda la kuku na hata kwenye darasa la kisomo.

Taa hizi zina faida. Zinatoa mwanga mwingi kwa umeme kidogo. Zinaweza kuwashwa kwa betri ya sola. Lakini watu wengi huchagua mkanda kwa makini, kisha huchukua waya wowote ule. Hapo ndipo matatizo yanapoanzia. Sisi wenyewe tulifanya kosa hilo.

TAA YETU ILIYOFIFIA

Darasa letu la jioni lilikuwa likitumia taa moja ya mkononi. Waliokaa nyuma hawakuona ubao. Wanakisomo wakachanga fedha kidogo kidogo. Wengine waliuza mayai, wengine waliuza mihogo. Betri na paneli ya sola tulikuwa nazo tayari. Basi tukamtuma mwenzetu mmoja Kariakoo akanunue taa.

Alirudi na mikanda miwili ya meta 5. Alirudi pia na waya wa bei ndogo. Dukani mikanda ilijaribiwa mezani, ikawaka vizuri sana. Sisi tukaifunga darasani. Betri ilikuwa chumba cha pili, meta 10 kutoka kwenye taa. Tulisokota nyaya kwa vidole, tukazungushia tepu nyeusi. Mkanda wa pili tukauunga kwenye mkia wa mkanda wa kwanza.

Tulipowasha, mkanda wa kwanza ulitoa mwanga hafifu. Wa pili ulikuwa hafifu zaidi, na mwisho wake ulififia kama kaa la moto linalozimika. Tukasema, "Bora kuliko giza." Tukaendelea na somo.

Siku ya nne bibi mmoja wa mstari wa nyuma aliinua mkono. Tulidhani anataka kusoma. Akasema, "Mwalimu, kuna kitu kinanuka." Tulizima, tukachunguza. Pale tulipounga nyaya, tepu ilikuwa imelainika kwa joto na gundi yake inachuruzika. Juu yake kidogo ni makuti ya paa.

Asingekuwa bibi yule, pengine tusingekuwa na darasa leo. Hivyo tulianza kujifunza upya. Tuliyojifunza ndiyo tunayowaeleza hapa.

MKANDA HUU NI NINI?

Mkanda ni utepe mwembamba unaopindika. Juu yake kuna vitaa vidogo vidogo vingi. Ndani yake kuna njia mbili nyembamba za shaba. Njia moja ina alama ya kujumlisha (+). Hiyo huitwa chanya. Njia ya pili ina alama ya kutoa (−). Hiyo huitwa hasi. Umeme huingia kwa njia moja na kurudi kwa njia nyingine.

Ukiukagua mkanda utaona mistari midogo iliyokatiza, mara nyingi na picha ya mkasi. Hapo ndipo pa kukata. Mikanda mingi ya volti 12 hukatwa kila baada ya vitaa vitatu. Ukikata mahali pengine, vitaa vya kipande hicho havitawaka.

Jambo jingine: usiuwashe mkanda kwa muda mrefu ukiwa bado umeviringishwa kwenye gurudumu lake. Joto hukosa pa kutokea. Ujaribu kwa muda mfupi tu, kisha uzime.

SOMA KABLA HUJANUNUA

Hapa ndipo kujua kusoma kunapolinda mali na maisha. Mikanda miwili inaweza kufanana kama mapacha, kumbe ni tofauti kabisa.

Tafuta maandishi kwenye mkanda au kwenye boksi.

Ukiona 12V na herufi DC, huo ni mkanda wa volti 12. Unafaa kwa betri ya volti 12 au kwa adapta ya volti 12.

Ukiona 24V na herufi DC, huo ni wa volti 24. Kwenye betri moja ya volti 12 hautawaka inavyotakiwa.

Ukiona 220V au 230V na herufi AC, huo ni wa umeme wa gridi, ule wa nyumbani. Huo unaweza kuua mtu. Ukikatwa na ncha ikaachwa wazi, mtoto akiigusa ni hatari kubwa. Sisi hatushauri utumike mahali ambapo mkono hufika.

Usichomeke mkanda wa volti 12 moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Utaungua mara moja.

Tafuta pia herufi W. Hiyo ni wati, yaani kiasi cha umeme kinacholiwa. Mkanda mmoja waweza kula wati 4.8 kwa kila meta. Mwingine waweza kula wati 14.4 kwa kila meta. Huo wa pili unakula mara tatu ya ule wa kwanza, na unahitaji waya mnene zaidi.

Mwisho, tafuta herufi IP. Mkanda wa IP20 ni wa mahali pakavu tu. Mkanda wa IP65 una ngozi ya kuzuia maji yanayorukia. Kwa jikoni, barazani au bandani, chagua huo wa IP65.

UMEME HUPOTEA NJIANI

Kwa nini taa iliwaka vizuri dukani, ikafifia darasani? Mkanda haukubadilika, na betri ilikuwa nzima. Kilichobadilika ni njia.

Fikiri juu ya pipa la maji na mpira wa kumwagilia bustani. Mpira ukiwa mfupi na mpana, maji hutoka kwa nguvu. Mpira ukiwa mrefu na mwembamba, maji hutoka kidogo kidogo. Umeme nao hufanana na hivyo. Waya mrefu na mwembamba huzuia umeme. Nguvu inayopotea hugeuka joto.

Umeme wa volti 230 unaweza kuvumilia kupoteza volti mbili. Hutaona tofauti. Lakini umeme wa volti 12 ni mdogo tangu mwanzo. Ukipoteza volti mbili katika 12, umepoteza sehemu moja ya sita. Taa lazima ififie. Ndiyo maana taa za betri zinataka waya mnene kuliko watu wanavyodhani.

HESABU YETU YA WAYA

Chukua kalamu na karatasi. Hesabu hii haina ugumu.

Kwanza, tafuta ampea. Ampea ni wingi wa umeme unaopita katika waya. Gawanya wati kwa volti.

Mikanda yetu ilikuwa ya wati 4.8 kwa meta. Meta 5 ni wati 24. Mikanda miwili ni wati 48. Basi:
48 ÷ 12 = ampea 4.

Pili, tafuta volti zinazopotea. Zidisha ampea kwa meta za umbali. Zidisha tena kwa 35. Gawanya kwa 1000. Kisha gawanya kwa unene wa waya. Unene hupimwa kwa milimita za mraba, na huandikwa kwenye waya: 0.5, 0.75, 1.0, 1.5 au 2.5. Hesabu hii ni ya waya wa shaba. Tayari imehesabu kwenda na kurudi, kwa hiyo pima umbali wa upande mmoja tu.

Waya wetu ulikuwa wa 0.5. Umbali ulikuwa meta 10.
4 × 10 × 35 = 1400
1400 ÷ 1000 = 1.4
1.4 ÷ 0.5 = volti 2.8

Yaani katika volti 12, karibu volti 3 zilikuwa zinaishia njiani! Hesabu hii ni ya kukadiria, lakini inatosha kutuonyesha kosa letu.

Sasa tazama nyaya nyingine kwa umbali uleule na taa zilezile:
Waya wa 1.0 hupoteza volti 1.4.
Waya wa 1.5 hupoteza kama volti 0.9.
Waya wa 2.5 hupoteza kama volti 0.6.

Kwa mfumo wa volti 12, jitahidi upotevu usizidi volti 0.6. Kwetu sisi, basi, waya uliofaa ulikuwa wa 2.5.

Kuna njia nyingine ya kuokoa fedha. Sogeza betri karibu na taa. Umbali ukipungua nusu, upotevu nao hupungua nusu. Pengine huhitaji waya wa bei kubwa. Unahitaji tu kuhamisha betri.

SHABA YA KWELI NA SHABA YA KUPAKWA

Tulirudi Kariakoo, safari hii tukiwa na karatasi yetu mkononi. Kariakoo ni kubwa. Jina lenyewe limetokana na jeshi la wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, lililokuwa na kambi yake hapo. Mitaa ya Msimbazi, Uhuru, Congo na Mkunguni hujaa watu tangu asubuhi. Ukisimama kidogo tu, winga amekufikia. Winga ni kijana anayekupeleka kwenye duka, naye hupata chake humo. Si vibaya kusaidiwa naye. Lakini ujue unachotaka kabla hajakuuliza.

Tulikuwa na bibi yetu yule wa mstari wa nyuma. Mazungumzo yalikuwa hivi:

"Shikamoo bibi. Karibu, nikupe waya gani?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nataka waya wa 2.5, meta kumi, nyekundu na nyeusi."

"Huu hapa bibi. Mnene kabisa, na bei ni ya chini."

"Naona plastiki nene. Shaba yake je? Hebu nichunie ncha."

Kijana akachuna. Bibi akaomba kisu, akakwaruza uzi mmoja wa waya. Juu ulikuwa mwekundu, ndani ukawa mweupe.

"Mjukuu wangu, hii si shaba. Hii imepakwa."

Kijana akacheka. "Aa, bibi unajua! Basi ngoja nikuletee ule mwingine."

Bibi alijua kwa sababu tulisoma pamoja. Waya wa namna ile ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu. Huzuia umeme zaidi kuliko shaba, karibu mara moja na nusu. Pia huvunjika upesi ukipindwa pindwa. Ukiununua kwa hesabu ya shaba, hesabu yako itakudanganya.

Kumbuka mambo haya unapochagua:

1. Unene wa plastiki si unene wa shaba. Tazama nyuzi za ndani.
2. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu. Shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ukiwa mweupe juu na mwekundu ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na ni nzuri.
3. Waya wa shaba ni mzito. Linganisha mkononi nyaya mbili za ukubwa mmoja.
4. Kama una sumaku, ijaribu. Shaba na aluminiamu hazivutwi na sumaku. Waya ukivutwa, una chuma ndani. Uache.
5. Soma maandishi yaliyopigwa kwenye waya wenyewe. Waya usio na maandishi hauna wa kuusemea.
6. Dai risiti. Bila risiti huna cha kurudi nacho dukani.

KILA MKANDA NA NJIA YAKE

Kosa letu la pili lilikuwa kuunga mkanda wa pili kwenye mkia wa kwanza. Njia za shaba ndani ya mkanda ni nyembamba sana. Umeme wa mikanda yote miwili ulilazimika kupita katika mkanda wa kwanza. Huo ukabeba mzigo wa wawili.

Kwa kawaida mkanda wa volti 12 usizidi meta 5 kwa mfululizo mmoja. Ukitaka meta 10, vuta waya mnene kutoka kwenye betri hadi karibu na taa. Hapo ugawe njia mbili. Kila mkanda upate nyaya zake mbili: chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Tumia waya mwekundu kwa chanya na mweusi kwa hasi, ili fundi wa kesho asibahatishe. Mkanda ukiunganishwa kinyume hautawaka.

VIUNGO

Kiungo ni pale waya unapokutana na waya mwingine, au na mkanda. Mahali hapo ndipo moto hupenda kuanzia. Waya waweza kuwa mzuri, lakini kiungo kikilegea, umeme hupita kwa shida na joto huongezeka. Kusokota kwa vidole na kuzungushia tepu hakutoshi. Kwenye joto letu la pwani gundi ya tepu hulainika, nyaya zikalegea.

Ziko njia tatu zilizo bora.

Njia ya kwanza ni kuchomea kwa risasi. Fundi redio anaijua. Hii ndiyo imara zaidi, hasa kwenye mkanda. Vidoa vya shaba vya mkanda ni vidogo, kwa hiyo pasi ya kuchomea isikae hapo muda mrefu.

Njia ya pili ni konekta ya skrubu. Hii inafaa kuunga waya na waya. Chuna waya kiasi cha sentimeta moja. Usikate hata uzi mmoja. Sokota nyuzi ziwe kitu kimoja. Ingiza, kaza kwa bisibisi, kisha vuta. Ukichomoka, rudia.

Njia ya tatu ni kibanio cha plastiki kinachouma ncha ya mkanda. Ni rahisi, lakini lazima kilingane na upana wa mkanda. Mikanda mingi ina upana wa milimita 8 au milimita 10. Pima kwa rula kabla ya kununua. Kwa mkanda unaokula wati nyingi, ni afadhali kuchomea.

Usifiche kiungo ndani ya makuti, nyuma ya godoro wala karibu na chandarua. Kiwe mahali unapoweza kukiona na kukigusa. Baada ya kuwasha kwa saa moja, zima, kisha gusa viungo vyote vya volti 12. Kikiwa cha moto, hakifai.

BETRI HAIKUPIGI, LAKINI INAUNGUZA

Wengi husema, "Volti 12 haiui." Ni kweli kwamba ukishika nyaya za volti 12 kwa mikono mikavu hutapigwa na shoti. Lakini nyaya hizo zikigusana, betri humwaga umeme wote kwa mara moja. Waya hugeuka mwekundu kama chuma cha mhunzi. Plastiki huwaka.

Dawa yake ni fyuzi. Fyuzi ni kipande kidogo kinachokatika kabla waya haujaungua. Iwekwe kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Kwa taa zetu za ampea 4, tulichagua fyuzi ya ampea 5. Fyuzi ikikatika, usiweke kipande cha waya badala yake. Tafuta kwanza kilichoikata.

KWA WENYE UMEME WA TANESCO

Ndugu zetu wa mjini, na wa vijiji vilivyopata umeme, hutumia adapta. Adapta hupunguza volti 230 kuwa volti 12. Chagua adapta yenye nguvu kupita mzigo wako kwa sehemu moja ya tano au zaidi. Kwa mkanda wa wati 24, adapta ya wati 30 au 36 inafaa. Iachwe mahali penye hewa.

Zipo adapta za sanduku la bati zenye skrubu za nje. Upande mmoja wa skrubu hizo una volti 230. Usizifunge mwenyewe. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

Gharama za mwanga huu si kubwa. Wati 24 kwa saa 5 kila usiku, kwa siku 30, ni kama uniti 3.6 tu za LUKU, na nyongeza kidogo inayoliwa na adapta.

TULIPOFIKIA

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Hatusemi kwamba taa hizi ndizo zilizoliunguza. Tunakumbusha tu kwamba moto hula kwa usiku mmoja jasho la miaka mingi. Ukiona moto uliokushinda, piga simu 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Sasa darasa letu lina waya wa 2.5, fyuzi, na njia mbili za mikanda. Viungo viko ukutani, mbali na makuti. Mikanda yote miwili inawaka sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Bibi yetu bado anakaa mstari wa nyuma. Tulimwambia asogee mbele. Akajibu, "Nisogee ya nini? Ubao nauona." Na kila jioni kabla ya somo, yeye ndiye anayekagua viungo.

MANENO YA KUKUMBUKA

Volti: nguvu inayosukuma umeme.
Ampea: wingi wa umeme unaopita katika waya.
Wati: kiasi cha umeme unaotumiwa na taa. Volti mara ampea.
Fyuzi: kipande kinachokatika ili kuokoa waya.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini taa iliwaka vizuri dukani, ikafifia darasani?
2. Utatambuaje shaba ya kweli na shaba ya kupakwa?
3. Nyumbani kwako viungo vya nyaya viko wapi? Vinaonekana?
4. Hesabu: Mzee mmoja ana mkanda mmoja wa wati 24 na betri ya volti 12. Umbali ni meta 6. Waya wa 1.0 utampotezea volti ngapi? Je, waya wa 0.5 utamfaa?

(Jibu la hesabu: Ampea ni 2. Waya wa 1.0 hupoteza volti 0.42, unafaa. Waya wa 0.5 hupoteza volti 0.84, haufai.)